Kasha la Bibi na Ufunguo Uliotoka na Sadaka

Bibi yangu mzaa mama alifariki alfajiri ya Jumatano, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili ufunguo wa kasha lake ulikuwa umeshatoka nyumbani. Hakuna aliyeuiba. Miaka yote niliyomjua aliufunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu kama mbegu ya ubuyu, na fundo hilo lilihama naye kutoka kanga moja hadi nyingine. Kwa ada ya nyumbani kwetu, nguo za marehemu hupewa wanawake waliomwosha. Zake zikatolewa kwa dua na kwa machozi, na katika huzuni ile hakuna aliyekumbuka kupapasa mapindo. Siku ya arobaini tulipoulizia, kanga zilikuwa zimeshafuliwa mara nyingi, nyingine zimetolewa sadaka kwa mara ya pili, moja imevuka bahari kwenda Pemba. Ufunguo haukuonekana tena.

Kasha likabaki chumbani mwake chini ya dirisha, limefungwa.

Aliyekulia Unguja, Mombasa, Lamu au Tanga analijua kasha la aina hii hata akifumba macho. Ni la msaji, mbao nzito iliyokolea rangi ya kahawa kwa kuguswaguswa. Uso wake umepigwa njumu, yaani mabati ya shaba yaliyotobolewa maua na misumari yenye vichwa vya duara iliyopangwa kwa hesabu. Chini lina watoto watatu wa kuvuta. Ndani, upande wa kushoto, kuna kijisanduku chenye kifuniko chake, cha kuwekea vitu vidogo. Makasha mengi ya namna hii yalitengenezwa Surat, Mumbai na pwani ya Malabar, mengine katika nchi za Ghuba, yakaletwa na majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi. Baadaye mafundi wa hapa wakaanza kutengeneza ya kwao. Kabla ya kabati la nguo kuingia nyumba za watu wa kawaida, kasha ndilo lililokuwa kabati, na ndilo lililokuwa benki. Bi harusi alipelekewa sanduku. Leo anapelekewa begi la magurudumu, na begi lenyewe halidumu hata mtoto wa kwanza akaingia shule.

La bibi lilikuwa la mama yake kabla yake. Halikuwahi kufunguliwa mbele ya watoto. Tulikuwa tukisikia kitasa kikilia usiku, mlio mmoja mfupi, na harufu ya udi na karafuu ikitoka chini ya mlango, basi tunajua bibi yuko kwenye mambo yake.

Wiki ya pili baada ya mazishi alikuja mtu anayenunua vitu vya kale. Akalizunguka kasha, akaligonga kwa kidole, akapitisha kiganja juu ya njumu, kisha akataja bei ambayo iliwanyamazisha watu wote ukumbini. Alitaka kulinunua lilivyo, limefungwa, na kilichomo ndani yake. Alisema itatuondolea usumbufu. Simlaumu mtu kwa kufanya biashara, lakini nataka kusema wazi: bei ile ilikuwa ya mbao na shaba tu. Kilichomo ndani hakikuwa na bei kwa sababu hakuna aliyekijua, na mtu anayekushauri uuze usichokijua hakutakii heri.

Mjomba wangu, kwa upande wake, alikuja na nyundo na tindo. Ni mtu mwema, mwenye mikono ya kazi, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kitasa ni chuma, chuma kinanunulika, na tutakuwa tumemaliza kabla ya magharibi. Mama alikaa juu ya kasha. Hakusema kitu. Alikaa tu, miguu imening'inia kama msichana, mpaka mjomba akaiweka nyundo chini.

Tangu siku ile nimewauliza watu wengi, na nimegundua kwamba karibu kila ukoo wa pwani una kasha, sanduku, au japo kijaluba cha bati ambacho mwenyewe ameondoka na ufunguo haujulikani ulipo. Na karibu kila ukoo umefanya mojawapo ya mambo matatu: umevunja, umeuza, au umeliacha lioze. Naandika kwa sababu ipo njia ya nne. Ni ya polepole na ina gharama yake, ila nimeiona ikifanya kazi, na nimeona pia tungepoteza nini kama tungeikosa.

Tulimtafuta fundi. Siku hizi mjini wachonga funguo ni wengi, wana mashine ndogo ya umeme na ubao uliotundikwa funguo mbichi, na wanaifanya kazi yao vizuri sana kama una ufunguo wa kunakili. Wawili tuliowapelekea picha ya kitasa kwenye simu walisema dawa yake ni kukata. Wa tatu alikuwa mzee, mchonga funguo wa kitambo, anayekaa na tupa zake kwenye kibaraza cha nyumba ya watu. Mama alimwamkia, akamweleza shida, na mzee hakuuliza kitasa ni cha namna gani. Aliuliza, "Nani kafariki?"

Mama akamtajia. Mzee akainamisha kichwa, akamwombea. Kisha akasema kasha haliletwi kwake, yeye ndiye atakayelifuata, na atahitaji jioni tatu. Mjomba akaguna kwamba jioni tatu ni nyingi kwa tundu moja la ufunguo. Mzee akamjibu kwa upole, "Mna haraka gani, mwanangu? Mwenyewe hana haraka."

Jioni ya kwanza hakujaribu kufungua chochote. Alisafisha. Kwa brashi laini na kwa pumzi yake alitoa vumbi tunduni, vumbi la miaka, lenye vinyuzi vya pamba na punje nyeusi za udi. Akadondosha matone machache ya mafuta ya taa ili yalainishe kutu, akaziba tundu kwa kitambaa, akaenda zake kuswali. Nilimuuliza kwa nini hakutia grisi. Akasema grisi huingia na kukaa, ikashika vumbi, na mwisho inakuwa gundi.

Jioni ya pili alileta ufunguo mbichi, wenye jino pana ambalo halijachongwa. Akawasha mshumaa, akalipitisha jino hilo juu ya ulimi wa moto mpaka likawa jeusi kwa masizi. Akauingiza ufunguo tunduni, akauzungusha kidogo tu, pale ulipogoma akauachia, akautoa. Kwenye masizi kulikuwa na mikwaruzo myembamba, miwili mitatu, inayong'aa. Hapo ndipo vyuma vya ndani vilipougusa. Akapiga tupa mahali pale, mara nne au tano tu, akatia masizi tena, akaingiza tena. Kitasa chenyewe kilikuwa kinamwambia ufunguo wake unafananaje, na yeye alikuwa anasikiliza kwa vidole.

Alinieleza huku akifanya. Ndani ya kitasa kama hiki kuna ulimi, ule unaotoka na kuingia, na juu yake kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyokandamizwa na springi. Kila kipande lazima kiinuliwe kimo chake hasa. Kikiinuliwa pungufu, ulimi haupiti. Kikizidishwa, haupiti vilevile. Mwingereza Robert Barron ndiye aliyepata hataza ya mtindo huo mwaka 1778, na ukasambaa duniani pamoja na meli za biashara. Mzee hakuwa na habari na Barron. Alikuwa na habari na kitasa.

Baadaye nilisoma habari za kufuli maarufu kuliko yote, la Joseph Bramah, lililowekwa dirishani mwa duka lake jijini London kwa miongo kadhaa likiwa na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lilifunguliwa mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa, na Mmarekani aliyeitwa Alfred Charles Hobbs. Alitumia saa 51, zilizogawanyika katika siku 16. Nyundo ingemaliza kazi hiyo kwa dakika chache, lakini hakuna mtu London aliyedhani kwamba kulipasua ndiko kulifungua. Kila mmoja alijua tofauti yake. Sisi tumeisahau wapi?

Hata lugha yetu inajua. Kifungo kimetokana na kufunga, ndiyo maana neno hilo ni la shati na la jela pia. Lakini ufunguo haukutokana na kufunga. Umetokana na kufungua. Wazee waliotuachia maneno haya waliushika mkononi mwao kitu kilekile kinachofunga na kinachofungua, wakaona kazi yake ya kweli ni ile ya pili. Kiarabu nacho kimefanya hivyo hivyo, miftahi ni ya kufungulia. Kwa hiyo mtu aliyefunga kasha akauweka ufunguo pindoni hakukusudia lisifunguliwe kamwe. Alikusudia lifunguliwe kwa njia yake.

Jioni ya tatu, kabla ya kuzungusha, mzee alisimamisha mkono akauliza warithi wako wapi. Tulikuwepo mimi, mama na mjomba. Akasema yeye hamalizi mzunguko mpaka wenye haki wawepo, au wawe na mtu wa kuwasimamia, na awepo mmoja asiye mrithi. Nilidhani ni desturi yake ya kujikinga na lawama, na kweli kuna hilo, kwani fundi funguo anaishi kwa jina lake. Lakini kuna jambo kubwa zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Kwa Muislamu, mali ya marehemu haigawiwi kama mkate. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao. Na kabla ya hayo yote kuna swali la vitu vilivyokuwa mikononi mwake ambavyo havikuwa vyake, yaani amana. Zanzibar tuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayoshughulikia mirathi, na jina lake lenyewe lina neno hilo. Bara, mirathi nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi huteuliwa na hutakiwa kuorodhesha mali aliyoiacha marehemu. Kote kuwili, sheria inadhani kuna mtu anayejua kulikuwa na nini. Kasha likivunjwa usiku na mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, ujuzi huo unaharibika. Kuanzia hapo kila kitu kilichomo kina shaka, na kila kisichokuwemo kina mshukiwa. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya bangili ambayo pengine haikuwahi kuwemo.

Basi tukangoja. Aliitwa mama mdogo kutoka Dar es Salaam. Alipigiwa simu mjomba mwingine aliyeko Muscat, akaridhia kuwakilishwa. Akaitwa jirani mmoja mtu mzima. Na mama akasisitiza aletwe Bibi Mdogo, mdogo wake marehemu, mwenye miaka 86, ambaye miguu haimtii tena. Tulimbeba na kiti chake. Wengine waliona ni kumtesa mzee. Mama alikuwa sahihi kuliko sote.

Kitasa kililia mlio uleule mmoja mfupi. Bibi Mdogo akafumba macho.

Kwanza ilitoka harufu: udi, karafuu zilizokauka, kafuri. Hakuna aliyesema neno. Mzee fundi aliinua kifuniko kwa mikono miwili, taratibu, maana bawaba za kale hazipendi kushtuliwa, akatuonyesha kwa kidole kilichokuwa nyuma ya kitasa, kimelala ubavu kwa ubavu na mbao: mrashi wa kioo, shingo yake nyembamba kama kidole cha mtoto, bado una chembechembe za marashi makavu ndani. Alimtazama mjomba mara moja tu, kisha akakusanya tupa zake. Mjomba alienda kuichukua nyundo iliyokuwa bado kwenye korido, akaipeleka nje.

Sitaorodhesha kila kitu, mengine ni ya nyumbani. Kulikuwa na doti za kanga ambazo hazijawahi kuvaliwa, zimekunjwa na karafuu katikati, nyingine majina yake yamefifia hayasomeki. Kulikuwa na daftari la shule lililogeuzwa daftari la upatu: majina ya wanawake wa mtaa mzima, mwezi kwa mwezi, nani katoa, nani kapokea, nani kasamehewa kwa sababu kafiwa. Ningempa mtafiti yeyote wa uchumi daftari lile kabla ya kumpa ripoti ya benki. Kulikuwa na rupia za fedha saba, za kabla ya mwaka 1936, mwaka ambao shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia Visiwani. Bibi Mdogo alisema ni salio la mahari ya mama yao. Saba, akarudia, zilikuwa kumi na moja, nne zilimnunulia yeye dawa alipokuwa mtoto.

Tazama jinsi jambo lile lilivyokwenda. Sarafu saba bila Bibi Mdogo ni sarafu saba. Zingepelekwa kwa sonara zikayeyushwa.

Ikaja picha. Wasichana tisa wamevaa magauni ya Idi, wamepangwa kwa urefu, nyuma yao pazia lililochorwa nguzo. Nyuma ya karatasi kuna muhuri wa Capital Art Studio, studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua mjini Unguja mwaka 1930 na ambayo imewapiga picha watu wa kila tabaka, kuanzia ikulu hadi vichochoroni. Hakuna jina hata moja lililoandikwa. Mama alimtambua mama yake tu. Bibi Mdogo aliomba miwani, akaisogeza picha kwenye mwanga, akaanza kutaja kutoka kulia: huyu aliolewa Makunduchi, huyu alikufa akijifungua, huyu sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka mtaa wa pili akisoma maulidi. Alitaja saba. Wawili aliwatazama muda mrefu, kidole kikitetemeka juu ya nyuso zao, mwisho akairudisha picha mapajani mwa mama. Wawili hao hawatajulikana tena. Kama tungefungua miaka mitano kabla, pengine wangejulikana. Kama tungechelewa miaka mitano, wasingejulikana wote tisa.

Ndani ya kile kijisanduku cha kushoto kulikuwa na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Ndani ya kitambaa mlikuwa na jozi ya vipuli vya dhahabu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Macho ya watu yalikwenda kwenye dhahabu. Karatasi ilizungushwa mkono kwa mkono na kila mmoja akasema ni dua, tena ya Kiarabu, iwekwe mahali pasafi. Mama mdogo alishaanza kuibusu. Ilipomfikia Bibi Mdogo, akasema, "Hii si dua. Hiki ni Kiswahili."

Na kweli ilikuwa Kiswahili, kimeandikwa kwa hati za Kiarabu, kama bibi zetu walivyofundishwa chuoni kabla hati za Kilatini hazijamfikia kila mtoto. Bibi Mdogo aliisoma bila kusita. Ilisema vipuli ni amana ya mwanamke fulani, jirani, ambaye aliondoka kwenda Mombasa katika mwaka wa Mapinduzi, 1964, akaviacha kwa kuogopa kuvibeba njiani. Akija apewe. Asipokuja wapewe wanawe. Chini bibi aliandika jina lake na jina la baba yake.

Zaidi ya nusu karne alikaa navyo. Nakumbuka miaka ambayo nyumba ile ilikosa sukari. Nakumbuka paa lililovuja masika mawili mfululizo kabla ya kupatikana fedha za mabati. Vipuli vilikuwa chumbani wakati wote ule, ndani ya kitambaa, na hakuna siku aliyovigusa.

Sasa fikiri ingekuwaje. Kama kasha lingeuzwa limefungwa, amana ya watu ingeuzwa nalo, na sisi tungekula fedha yake bila kujua. Kama lingevunjwa na mtu mmoja, vipuli vingehesabiwa mali ya bibi, vingegawiwa kwa mafungu ya mirathi kwa uadilifu kamili, na uadilifu wote huo ungekuwa dhuluma. Na kama Bibi Mdogo asingebebwa na kiti chake, karatasi ingehifadhiwa kama dua, ikabusiwa kila Ijumaa, na hakuna ambaye angejua inasema nini.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halihusu nyumba yetu peke yake. Fasihi yetu kubwa ya kale iliandikwa kwa hati zile. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, ulipita mikono mingi ukinakiliwa kwa hati za Kiarabu. Muhammad Kijuma wa Lamu alikuwa mwandishi wa hati hizo na papo hapo mchonga mbao, mtu aliyeweza kutengeneza cha kuhifadhia na kinachohifadhiwa. Miswada mingi aliyoinakili leo iko Ulaya, na wasomi wa huko wanaisoma. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Zanzibar, zina mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu ambao UNESCO iliuingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Lakini barua za bibi zetu, hawala, wasia, hesabu za karafuu, ahadi za ndoa, ziko mvunguni mwa vitanda vyetu, na sisi wajukuu wenye shahada tunazitazama tukidhani ni hirizi. Mtoto anayejua kusoma Kurani ana nusu ya ujuzi huo tayari. Kumfundisha nusu iliyobaki, zile herufi zilizoongezwa ili zibebe sauti zetu, hakuhitaji mradi wa wafadhili. Kunahitaji walimu wa vyuo na madrasa waone kuwa ni kazi yao, na wizara ya elimu iwaunge mkono. Hilo naliomba kwa herufi kubwa.

Kuna swali moja nimeulizwa na rafiki ninayemheshimu, kwamba je, ni haki kweli kufungua? Huenda marehemu alifunga kwa sababu alitaka iwe siri yake. Swali lake ni zito na sina jibu la kulifunika lote. Chini kabisa ya kasha, chini ya kanga, tulikuta furushi la barua limefungwa utepe wa kijani. Mwandiko haukuwa wa babu. Bibi Mdogo alilishika, akasoma jina lililo juu, uso wake ukabadilika kidogo, akalirudisha mahali lilipotoka. Alisema, "Haya hayana deni la mtu." Hakuna aliyebisha. Furushi limo mpaka leo. Nadhani alitoa kipimo kizuri kuliko vitabu: tafuta deni, tafuta amana, tafuta wasia, tafuta majina ya watu. Kisichodaiwa na mtu kiache kipumzike.

Niongeze machache ya mikono, maana nimeona vitu vingi vilivyonusurika na kitasa vikafa mezani. Karatasi iliyokunjwa miaka hamsini usiikunjue kwa nguvu. Iache siku mbili hewani, kivulini, itajilegeza. Usiipeleke kufunikwa plastiki ya moto kama kitambulisho, joto lile linaipika na haitoki tena. Usiunge kwa selotepu. Piga picha kila ukurasa kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuugusa mara ya pili. Picha za zamani andika majina nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Na kama kuna hati usiyoielewa, wapelekee watu wa Nyaraka, Kilimani kwa Zanzibar au Dar es Salaam kwa Bara. Kuhifadhi kumbukumbu za maandishi ndiyo kazi yao.

Ilituchukua miezi minne kumpata mwenye amana. Yeye mwenyewe alishafariki. Binti yake, mwanamke mtu mzima, anaishi Mombasa, na jina lake tulilipata kwa njia ya watu wa msikitini na binamu wa binamu. Mama alivipeleka vipuli mwenyewe, pamoja na karatasi yake. Anasema yule mama alivishika kiganjani, hakuvitazama, alikuwa anaitazama karatasi. Hakuweza kuisoma. Mama akamsomea, neno kwa neno, kwa sababu kabla ya safari alikuwa ameketi na Bibi Mdogo jioni nyingi mpaka akaihifadhi kichwani.

Kasha bado liko chini ya dirisha lilelile. Mzee fundi alitengeneza funguo mbili, moja anayo mama, nyingine mama mdogo, na mahali zinapokaa pameandikwa na kila mrithi ana nakala. Mnunuzi wa vitu vya kale alirudi mara moja, akaambiwa haliuzwi, akaondoka kwa adabu.

Msomaji wangu, kama mama yako au bibi yako yu hai na ana kasha, sanduku au hata bati la biskuti analolifunga, nenda kamwamkie leo, kaa naye, mwombe akuonyeshe pindo lipi. Na kama ameshatangulia na ufunguo haupo, mtafute fundi mwenye subira, waite ndugu zako wote, na mbebe yule mzee wa mwisho na kiti chake. Msimwache nyumbani.